TAHADHARI: Boti za machweo Bangkok, usilipe kwenye gati ulilopelekwa na bajaji

Kwa wanaokwenda Bangkok kufunga mzigo soko la nguo la Pratunam na wana jioni moja ya kupumzika mto Chao Phraya: utapeli huanzia barabarani, kabla hujaona maji.

Karibu na Kasri Kuu utafuatwa na mtu nadhifu. Atasema boti za abiria leo hazitembei, ila kuna gati "maalumu", na bajaji ya kukufikisha ni baht (pesa ya Thailand) 20 tu. Hela hiyo haitoshi hata mafuta. Dereva hulipwa kamisheni na mwenye gati. Huko utatajiwa baht 1,500 au zaidi kwa kila kichwa, wakati boti zile ndefu zenye injini ya mkia hukodiwa nzima. Kisha mnaingizwa mifereji ya Thonburi, nyumba na miti inaziba jua, na mkikuta foleni kwenye mlango wa kuzuia maji, saa mliyolipia inaishia hapo. Atasogea muuza bia na mtumbwi wake, uombwe umnunulie nahodha. Kushuka, ada ya gati. Kama lazima mkodi, mwenye boti aandike kabla: bei ya boti nzima, dakika, gati la kushukia, ada imo. Hataki kuandika? Ondokeni.

Wengine huuza tiketi za chakula cha jioni. Picha inaonyesha jua nyuma ya hekalu la Wat Arun, tiketi inasema saa 1:30 usiku. Desemba jua huzama kama saa 11:50 jioni, Juni karibu saa 12:45. Hiyo ni boti ya kuangalia taa! Soma pia jina la gati: River City na ICONSIAM ziko kingo tofauti za mto, na boti haimsubiri aliyekosea.

Njia ya uhakika: treni ya BTS, ile ya juu ya barabara, hadi kituo cha Saphan Taksin, teremka gati la Sathorn. Wauza tiketi watakusukumia boti ya watalii ya bendera ya buluu. Subiri ya bendera ya chungwa, baht 16 popote unaposhukia. Shuka gati la Tha Tien na usivuke mto, kwa sababu Wat Arun iko ukingo wa magharibi na jua huzama nyuma yake. Boti za chungwa huacha mapema, hivyo rudi kwa treni ya chini ya ardhi, kituo cha Sanam Chai, hapo jirani.

Wenye boti wakikuzuia kushuka au kudai nyongeza, piga 1155, polisi wa watalii.