Toyota Hilux 2.4 ya dizeli: kilomita 6,000 za kwanza na mabadiliko ya injini

Nilikabidhiwa Toyota Hilux hii, ya dizeli ya lita 2.4 na gia sita za mkono, ikiwa na kilomita 38 tu kwenye dashibodi. Leo imepita kilomita 6,000, na ni sasa tu ninapoona ninaweza kuieleza kwa haki. Magari yangu yote ya awali yalikuwa yametumika Japani, na injini zake zilikwisha kuzoea kazi miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, kwa hiyo sikuwahi kuiona injini ikibadilika mikononi mwangu kama nilivyoiona hii.

Kwenye karatasi injini hii hutoa kilowati 110, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 400 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,000 kwa dakika. Wiki ya kwanza sikuisikia nguvu hiyo yote. Gari lilikuwa zito kuitika chini ya mizunguko 1,500, na nilipoondoa mguu kwenye mafuta lilipunguza mwendo haraka, kana kwamba kuna kitu kinalishika. Hilo si kasoro. Ukuta wa silinda mpya hauachwi laini kama kioo. Kiwandani huchorwa mistari myembamba inayokatana, ambayo huhifadhi oili na kuzipa ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, mahali pa kujisugulia. Mpaka vilele vya mistari hiyo visagike na ringi zikae sawasawa na ukuta, msuguano huwa mkubwa, gesi ya mwako hupenya kidogo kuelekea kwenye sampu, beseni la oili lililo chini ya injini, na oili kidogo huungua.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kudhani kwamba injini mpya inataka kubembelezwa tu. Kinachozisukuma ringi zishike ukuta ni hasa shinikizo la gesi ya mwako, na shinikizo hilo hupatikana injini inapovuta mzigo wa wastani. Injini inayoachwa ikinguruma bila kazi kwa saa nyingi, au inayoendeshwa polepole mno kila siku, ringi zake huchelewa kukaa, na ukuta wa silinda unaweza kung'arishwa kabla ya wakati wake, jambo ambalo baadaye huleta ulaji wa oili. Mwongozo wa Toyota wenyewe unalingana na maelezo haya: kilomita 300 za kwanza dereva aepuke kufunga breki ghafla, kilomita 800 za kwanza asivute trela, na kilomita 1,000 za kwanza asikimbie kupita kiasi, asikanyage mafuta kwa ghafla, asikae muda mrefu kwenye gia za chini, wala asishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonifanya niondoke kwenye foleni za jiji na kulipeleka gari Iringa likiwa na kilomita 210. Barabara ile inafaa sana kwa kazi hii: kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, halafu njia inafunguka na unapanda hadi 80 au 90, halafu kijiji kingine, kisha hifadhi ya Mikumi ambako mwendo unashuka tena. Injini haikukaa kwenye sauti moja hata kwa robo saa.

Mlima Kitonga, ulio kwenye barabara hiyo kabla ya kufika Iringa, ndio ulionionyesha tofauti. Safari ya kwanza, tukiwa watu wawili na bodi tupu, ilinibidi nishuke hadi gia ya pili kwenye kona kali, na sauti ya injini ilikuwa ngumu, yenye mkwaruzo. Nilirudi pale gari likiwa na kilomita 5,400, asubuhi na mapema kabla malori hayajajaa, tukiwa watu walewale wawili; kona zilezile nilizipanda kwa gia ya tatu, mizunguko 1,700 hivi, bila injini kutetemeka. Mafuta nayo yalipungua. Kutoka Mbezi, Dar es Salaam, hadi Iringa, kilomita 485 kwa kipimo cha gari, mara ya kwanza nilirudishia lita 47.5 na mara ya pili lita 43, yaani kutoka lita 9.8 hadi 8.9 kwa kilomita 100. Sidai kwamba yote hayo ni kazi ya ringi. Gia, difu na beringi za magurudumu nazo hulainika, matairi mapya huacha ukakasi wake, na mguu wangu umeizoea klachi.

Oili niliibadilisha mapema kwa hiari yangu, kwenye kilomita 1,500. Ilipokuwa ikichuruzika kwenye beseni nilipitisha ndani yake sumaku ndogo ya spika, ikatoka na utando wa kijivu, laini kama unga wa ngano uliolowa; nilipousugua kati ya vidole juani, ulimetameta. Kwenye kilomita 5,000 nilirudia jambo lile lile, na sumaku ilitoka karibu safi. Gereji moja ya mtaani ilikuwa imenishauri nimimine dawa ya kupunguza msuguano tangu siku ya kwanza. Nilikataa, na ninamsihi kila mwenye gari jipya akatae, kwa sababu katika kipindi kile msuguano huo ndio unaofanya kazi ya kuzikalisha ringi.

Tangu ile oili ya kilomita 5,000, alama kwenye kijiti cha kupimia haijashuka hata kidogo. Injini sasa inavuta kwa utulivu kuanzia mizunguko ya chini, na kwa kazi za shamba na safari ndefu ninaipendekeza bila kusita. Mnunuzi anayetaka kuijua kabla ya kulipa asitosheke na gari lililotoka kwenye kontena jana. Aombe kuendesha lile la majaribio ambalo limekwisha kutembea kilomita elfu kadhaa, alipandishe mlima, na asikilize linavyovuta kwenye gia ya tatu.