Tahadhari: Fundi umeme anayeng'oa shaba na kufunga alumini, Tabata, Segerea na Kinyerezi

Ninawatahadharisha wakazi wa Tabata, Segerea, Kinyerezi na maeneo ya jirani kuhusu fundi umeme ambaye amekula shilingi 1,850,000 zangu, akaondoka na nyaya nzima za nyumba ya marehemu baba, na kuniachia ukutani kitu ambacho hakistahili kuitwa waya. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa shauri liko kituoni na nimeshauriwa nisiliharibu. Anayelihitaji aniulize faraghani, nitampa pamoja na namba zake zote mbili za simu, ingawa moja ameshaizima.

Najua wapo wanaouliza ilikuwaje mtu mzima, tena mhasibu, akachezewa namna hiyo sebuleni kwake. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunicheka.

Kilichomleta kilikuwa kidogo. Soketi ya jikoni ilikuwa inapata moto kila birika linapowashwa, na nilitaka nifungiwe hita ya maji ya kuoga kabla wageni wa shughuli yetu hawajaanza kuingia. Alipofika aliniamkia shikamoo, akavua viatu mlangoni, jambo ambalo mafundi wengi hawajishughulishi nalo, akaifungua soketi, akainusa na kutikisa kichwa bila kusema neno. Kisha akaomba kwenda kwenye meinswichi "kupima nguvu ya umeme inayoingia". Nilibaki jikoni kwa sababu nilikuwa na maharage kwenye gesi. Alikaa kule kitambo, akiwa na bisibisi, na mara umeme ukakatika nyumba nzima.

Aliporudi hakugusa chochote. Alinikabidhi testa mkononi, ile bisibisi ya kupimia umeme, akasimama pembeni, akasema, "Mama, usije ukasema nimekudanganya, pima mwenyewe. Gusa waya mwekundu." Nikagusa, kile kitaa kidogo ndani ya testa kikawaka. "Sasa gusa mweusi." Nikagusa, kikawaka vilevile. Friji lilikuwa limenyamaza, balbu ya jikoni imezima ingawa swichi yake iko chini, lakini testa inawaka pande zote mbili. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Unaona, mama? Moto umeshaingia kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme. Nyaya zimeoza ndani ya ukuta, zinapeana umeme. Taa haziwaki lakini ukuta umejaa. Hapa mkilala leo, mimi simhakikishii mtu." Mkono ulinitetemeka. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye sakafu ya jikoni, miguu mitupu, anachambua mchicha na msichana wa kazi. Nilimnyanyua nikamtoa nje, nikarudi nikamwambia fundi aandike gharama za nyumba nzima. Alikwenda tena kwenye meinswichi, umeme ukarudi, akasema ameunga kwa muda tu na tusiwashe birika.

Sikumwamini kwa sababu ya ile testa peke yake. Aliletwa na jirani ambaye alimfungia taa za uzio na zinawaka mpaka leo. Alikuwa na cheti cha chuo cha ufundi, VETA, kwenye plastiki, nikakisoma jina na kulilinganisha na kitambulisho chake cha taifa. Karatasi ya gharama aliyoandika ilikuwa safi kuliko nyingi zinazopita mezani kwangu kazini: nyaya za milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa hita, fimbo ya ethi ya kuchimbiwa ardhini, sakiti breka kila moja na ampea zake, vifaa shilingi 1,250,000 na ufundi 600,000. Hakuomba hata senti ya utangulizi. Alisema fedha ya vifaa nisimpe mkononi, twende wote Kariakoo nikalipe mwenyewe, na ya ufundi nitampa kazi ikikamilika. Niambieni, ni tapeli gani anayekataa kushika fedha?

Kule dukani ndiko aliponimaliza. Alichomoa ncha ya waya kwenye roli, akaukwangua kwa kisu mbele yangu na mbele ya muuzaji, akanionyesha wekundu wa shaba mpaka ndani, akasema, "Mama, siku hizi kuna nyaya za bandia, lazima mteja ajue." Yeye ndiye aliyenifundisha! Nililipa, nikapewa risiti ya EFD yenye kila kitu, na roli zikapakiwa kwenye bajaji ya kijana wake zitangulie nyumbani wakati sisi tunaendelea kutafuta paipu na soketi. Tulipofika tulikuta kijana ameshazifungua na kuanza kuzipima sakafuni. Karatasi za nje zilikuwa zilezile za dukani. Risiti ninayo hadi leo na haina kasoro. Waya ulioandikwa kwenye risiti hiyo haujawahi kuingia katika ukuta wangu.

Kazi ilipokwisha aliokota nyaya zote kuukuu, akazikunja vizuri kwenye viroba na kusema atanisaidia kuzitupa, akafagia na vumbi. Nilimwongezea nauli. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba ule ulikuwa mzigo mzuri wa shaba safi ya zamani, na kwamba wanunuzi wa chakavu huipokea kwa kilo.

Hazikupita wiki nyingi, plagi ya friji ikagoma kutoka kwenye soketi, plastiki imelainika na kushikana, na nyuma yake ukuta umebadilika rangi. Nilimpigia. Alinijibu, "Mama, hiyo ni volti ya TANESCO inapanda na kushuka, nunua kilinda friji." Nilipompigia mara nyingine hakupokea. Binamu yangu akanitafutia mkandarasi mwenye leseni. Alifungua soketi hiyo, akakata kipande cha waya, akakikwangua, na chini ya wekundu mwembamba ikatokea rangi nyeupe kama ya sufuria. Akakikunja mara chache tu, kikakatika. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alieleza kwamba alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule hupata moto zaidi, na kwenye skrubu za soketi hulegea taratibu mpaka ianze kuchoma.

Hita ya wati 5,500, ambayo huvuta takriban ampea 24, alikuwa ameiunga kwa waya huohuo wa bandia wa 2.5 badala ya 6 niliolipia, na ili breka isikate akaweka ya ampea 40, maana yake ni kwamba waya ungeungua kabla breka haijashtuka. Kuna kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, wanachokiita RCD, cha miliampea 30, ambacho ndicho kinachomwokoa mtu anapopigwa na shoti. Mkandarasi aliniambia nibonyeze kitufe chake cha majaribio chenye herufi T. Nikabonyeza, hakikushtuka. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kimya. Tulipofungua kifuniko tukakuta nyaya hazikuingizwa humo hata kidogo, zimepelekwa moja kwa moja kwenye breka, na kifaa kimeachwa hapo kwa ajili ya kuonekana tu. Mjukuu wangu alikuwa akioga kwa hita ile kila jioni.

Nikamsimulia habari ya testa. Akaniangalia kwa huruma ambayo sitaisahau, akaenda kwenye meinswichi, akalegeza skrubu moja na kunipa testa yake. Ikawaka pande zote mbili. Ukiulegeza waya wa nyutro pale, umeme unapita kwenye balbu na friji zilizoachwa zimewashwa, unatokea upande wa pili na kukosa njia ya kurudi, na testa lazima iwake kotekote hata kama nyumba imefungwa nyaya jana. Nyaya za baba hazikuwa na ugonjwa wowote. Soketi ya jikoni ilikuwa imelegea skrubu, basi.

Dalili zilikuwapo, nazitaja kwa kifupi kwa sababu hasira hainiachi nikae nazo. Mtu anayetaka kuwa peke yake kwenye meinswichi kabla ya kukuonyesha tatizo, mfuate na maharage yaungue. Cheti cha VETA kinaonyesha amesoma, lakini leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na nilipomuuliza alisema "iko kwenye kuhuishwa". Roli za waya zisipande chombo usichopanda wewe. Waya ukwanguliwe nyumbani, siyo dukani tu. Nyaya zako kuukuu ni mali yako. Mengine yatakuja wakati mwingine.

Mkandarasi yule anasema TANESCO huishia kwenye mita na kwamba kuanzia hapo kwenda ndani ni jukumu la mwenye nyumba na fundi aliyemchagua, na ndiyo sababu vishoka, mafundi wasio na leseni, wanajitanua wanavyotaka. Mimi nasema imetosha. Mtu anayekwepesha kifaa cha kuokoa maisha katika nyumba yenye watoto wadogo, huku akijua kabisa anachokifanya, asihukumiwe kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu peke yake, akalipa faini na kurudi mtaani na bisibisi yake. Nataka afungwe. Nataka anunue kwa fedha yake shaba yote aliyoing'oa, aje aipasue kuta mwenyewe chini ya ulinzi na kuzirudisha zilivyokuwa. Nataka yule kijana wa bajaji naye aulizwe ni wapi walipokuwa wakibadilishia roli, na anayewauzia nyaya za bandia zenye karatasi za kampuni halali akamatwe pamoja nao, kwa sababu karatasi zile hazikujichapisha zenyewe. Na mnunuzi wa chakavu anayepokea viroba vya nyaya za nyumba za watu bila kuuliza zimetoka wapi, huyo naye sioni kwa nini alale kwake.

Mpaka sasa tuko watatu. Mmoja ni wa Kinyerezi, naye alipewa testa mkononi na kuambiwa "usije ukasema nimekudanganya", neno kwa neno. Jirani aliyenielekeza kwake ameomba radhi na sina ugomvi naye, kwani taa za uzio alifungiwa vizuri, nadhani kwa makusudi.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, na kutoka hapo kituo cha polisi kwa pamoja. Aliyefanyiwa kazi na mtu huyu aje na risiti yake, karatasi ya gharama yenye mwandiko wake, na kipande cha waya kilichokatwa ukutani mbele ya shahidi. Msikate wenyewe bila kuzima meinswichi, na kama kifaa chenu cha kukata umeme hakishtuki mkibonyeza T, zimeni hita leo hii, msisubiri Jumamosi.