Basi jipya nililonunulia njia ya Buchosa, na kwa nini sasa linakwenda Geita

Nina magari mawili yanayopakia stendi ya Nyegezi. Naandika kwa ajili ya mtu anayejipanga kuongeza basi huku Kanda ya Ziwa, kwa sababu la kwangu nilichagulia yadi Dar es Salaam, na kilichokuja kuniumiza hakionekani ukiwa yadi.

Lilikuwa jipya, la Kichina, siti mbili kwa mbili, injini nyuma, vioo visivyofunguka, kiyoyozi. Kampuni siitaji. Nilikopa benki mwanzoni mwa 2024 nikaliingiza njia ileile niliyokuwa nikifanya na Coaster: Mwanza, Sengerema, hadi Nyehunge huko Buchosa.

Tatizo la kwanza nililipata Kigongo, tunapovuka Ziwa Victoria. Daraja lilikuwa bado, tunavuka kwa kivuko. Mabasi ya injini nyuma yana pua ndefu inayotangulia tairi za mbele, na ya gari langu iko chini sana. Dereva aliteremka polepole kuingia kivukoni. Tairi hazijafika kwenye mlango wa chuma, bampa imeshagusa. Likakwaruza krrr, abiria wote wakanyamaza. Kuanzia siku hiyo konda alibeba vipande viwili vya mbao kwenye buti, anashuka kila safari, anaviweka mbele ya tairi ili pua inyanyuke kidogo. Kwenda na kurudi, watu wanasubiri nyuma wakipiga honi.

Vumbi ndilo lilinifilisi zaidi. Kipande cha Sengerema kwenda Nyehunge tulikipiga kwenye vumbi jekundu, na vumbi la gari hukusanyika nyuma, palepale injini inapovutia hewa. Coaster injini iko mbele, inavuta hewa kabla vumbi halijatimuka. La kwangu chujio la hewa tulilipuliza kila jioni na bado likawa linakuja jeusi. Radieta imekaa ubavuni, nyuma ya tairi. Vumbi likashikana na mafuta likawa kama ugali kwenye mapezi. Siku moja dereva ananipigia: "Tajiri, geji imepanda, nimeegesha." Abiria wakahamishiwa gari la mwenzangu, nauli nikarudisha.

Halafu ikaja sensa, kile kifaa kinachoipa kompyuta ya injini taarifa. Taa ya njano imewaka, gari halina nguvu, linatembea kama linavutwa na kamba. Mafundi wangu ni watu wa Coaster, injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, pampu isiyojua kompyuta. Wanaifungua usiku na asubuhi gari liko barabarani, spea zote zimejaa mjini. Hili lilihitaji fundi mwenye kompyuta, na sensa yenyewe ikasafirishwa kutoka Dar. Gari lililala gereji siku nne, na rejesho la benki halilali.

Kuhusu kiyoyozi nitasema kidogo tu. Abiria wa Buchosa anapanda na kushuka kila kituo, mlango haufungwi dakika kumi. Anataka dirisha avute hewa, anunue ndizi Sengerema bila kushuka. Na buti linapokuwa na magunia ya dagaa, vioo visivyofunguka ni mateso kwa kila aliyemo ndani.

Lakini lazima niwe mkweli kwa basi lenyewe, kwa sababu si bovu. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nililihamishia Geita. Lami tupu. Kilomita 3 za maji ambazo kuna siku zilitula saa mbili za foleni, sasa unazipita ukiwa hujamaliza soda. Mbao za konda zimebaki nyumbani. Gari limetulia barabarani, mabaluni yake ya upepo yanameza matuta hadi mama mwenye mtoto mchanga anafika mtoto bado amelala, na nina wateja wa Geita wanaoulizia gari hilo kwa namba. Chujio halilii tena. Spea bado natoa Dar, hilo halijabadilika, ila sasa naweka akiba ya sensa na mikanda dukani kwangu.

Nguvu ya injini wauzaji wanaisifia sana. Sisi tuna kifaa cha LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ndani ya gari na mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Usilipie farasi ambao hutawakimbiza. Lipia buti, lipia springi, na pima mwenyewe kwa futi kutoka chini ya bampa hadi ardhini.

Njia ya Nyehunge nimeirudishia Coaster, iliyotumika Japani, yenye keria juu na madirisha ya kusukuma. Safari hii nilikwenda yadi na suka wangu, yaani dereva, ambaye ile ya kwanza nilimwacha Mwanza kulinda gari. Hakugusa siti wala redio. Alitandika boksi chini, akalala chali akaingia uvunguni na tochi ya simu, akakaa huko kama dakika ishirini. Alipotoka alikataa mbili zilizong'arishwa, akanionyesha ya tatu, chafu, rangi imepauka. Ndiyo hiyo inayopanda Buchosa leo.