TAHADHARI: "Rejeta mpya za jeshi" za Land Rover zinazouzwa Malindi

Wenye Land Rover za zamani za jeshi, Series II, IIA na III, kuanzia Malindi na Gongoni hadi Witu na Mokowe: kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza rejeta anazodai ni "mpya, za ghala la jeshi, hazijawahi kufungwa". Anataka nusu ya bei kwa M-Pesa kabla hujaiona, nusu nyingine mzigo ukifika. Juu yake anakupa "zawadi": kifuniko, thamostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) na galoni ya kuleni ya kijani (maji ya kupooza injini). Vitu vyote vinne ni vibovu, na kila kimoja kitakuchemshia injini kwa njia yake.

Tuanze na lebo. Spea za ghala la jeshi la Uingereza huwa na namba ya NATO yenye tarakimu 13. Ya vifaa vya kupooza injini huanza na 2930, na 99 inayofuata ndiyo Uingereza. Za huyu zina stika iliyoandikwa ARMY, basi. Hata namba ikiwa sahihi usiridhike, maana printa ziko kila duka la saiba.

Rejeta yenyewe ni kuukuu iliyopigwa rangi nyeusi. Kwaruza kwa ufunguo kwenye mshono wa tangi la chini: utakuta kutu ya kijani ya shaba, na risasi mpya ya kuchomelea imemwagwa juu ya ya zamani. Kisha mulika tochi ya simu shingoni. Mirija iliyo wazi ni matundu membamba yaliyopangwa safu. Ukiona baadhi yamefunikwa na doa la risasi linalong'aa, hiyo ndiyo mirija iliyokuwa ikivuja. Badala ya kuweka kiini kipya, wameiziba juu na chini. Haivuji tena, lakini haipitishi maji pia. Na iliyobaki wazi ina ukoko mweupe, ule ule wa ndani ya birika la chai, kwa sababu visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yana chokaa na chumvi.

Kipimo ni rahisi. Ziba mdomo wa chini kwa kiganja, jaza maji ya ndoo mpaka shingoni, kisha ondoa mkono ghafla. Maji yatoke kwa kishindo na kujaza mdomo wote wa bomba. Yakitoka kama mfereji siku presha iko chini, mrudishie mwenyewe.

Video anayotuma, ya mshale wa joto uliotulia katikati kwa dakika 10, haithibitishi kitu. Injini ya petroli ya 2286 cc ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa, haina joto la maana. Pakia mizigo, shika njia ya mchanga, gia ya 2, injini inavuma na upepo wa mbele haupo. Hapo ndipo rejeta iliyozibwa nusu inajitambulisha.

Thamostati anayotoa ni ya gari jingine, au anakuambia uiondoe kabisa, "pwani ni joto, haina kazi". Huu ni uongo unaopendwa sana hata na mafundi waaminifu. Kwenye injini hii kuna bomba dogo la kurudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Thamostati sahihi ina sketi ya bati inayoliziba bomba hilo ikifunguka. Ukiiondoa, au ukiweka isiyo na sketi, sehemu ya maji moto huzunguka ndani kwa ndani na rejeta haiyaoni. Ya Series III huanza kufunguka nyuzi 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi.

Kifuniko chake kimechapwa 1.1. Hicho ni cha magari ya kisasa, takriban paundi 16 za presha. Land Rover hizi hutaka kama paundi 9, ambazo tayari zinapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 114. Ukiongeza, mishono ya zamani na mipira ndiyo inayopasuka.

Kuleni ni maji na rangi. Mimina kwenye kikombe cha plastiki, mwombe muuza samaki akuwekee kwenye friza usiku mmoja. Iliyo nusu glikoli haigandi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ya huyu inakuwa jiwe la kijani. Usiionje, glikoli ni tamu na ni sumu. Kikombe kiandikwe na kifunikwe, watoto wasidhani ni barafu ya kunyonya.

Gari likishachemka anakuletea "fundi wake", naye jibu lake ni moja: hedi imekufa, leta pesa ya gaskiti na ya kuparuza. Usikubali kabla ya haya. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, vua mkanda wa feni, iwashe isizidi dakika moja na utazame shingoni. Mapovu yasiyokoma ni gaskiti kweli. Kama hakuna, rudi kwenye mambo madogo: mkanda ubonyee kama sentimita 1 kwa kidole gumba, mpira wa chini usinywee injini ikikanyagwa mafuta, kava la kuzunguka feni liwepo, platini za distribyuta ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, na taiming isiwe imechelewa, kwani moto ukichelewa joto jingi huishia kwenye hedi. Na kwenye Series III ya volti 12, ukiona mshale wa joto na wa mafuta yote miwili inapanda pamoja, injini pengine haina neno. Ni kidhibiti cha volti 10 nyuma ya dashibodi kilichokufa.

Ukimrudishia mzigo husema "umeshaifunga, si yangu tena". Kwa hiyo ipige picha kabla haijagusa gari: shingo, mishono, stika. Aliyekwisha kulipa ahifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote, usifute hata sauti, uende kituo cha polisi uandikishe na upewe namba ya OB. Hubadilisha laini mara kwa mara, lakini picha za rejeta anazotuma ni zile zile: sakafu ya saruji nyekundu na kona ya tangi la juu iliyobonyea.