Hita ya umeme kwa nyumba ndogo Dodoma: kagua plagi kabla ya hita yenyewe

Tangu baridi ya mwaka jana, wasomaji wanaoishi Kisasa, Ilazo na Area D wamekuwa wakiniletea malalamiko yanayofanana mno. Hakuna anayesema kwamba hita aliyonunua haitoi joto. Wanalalamikia soketi iliyogeuka nyeusi, plagi iliyolainika hadi ikagoma kuchomoka ukutani, na harufu ya plastiki inayoungua usiku wa manane. Mmoja wao, mpangaji wa chumba na sebule, alidaiwa na mwenye nyumba gharama ya kubadilisha soketi, na alipomrudia muuzaji aliambiwa kwamba kosa ni la nyumba.

Kwa hiyo sitaeleza hapa ni wati ngapi zinatosha kwa kila ukubwa wa chumba, wala rangi ipi inapendeza sebuleni, kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye kila boksi. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, kisha jua la mchana hulirudisha juu ya 25, na maana yake ni kwamba hita utaihitaji jioni na alfajiri tu. Wati 1,500 zinatosha chumba cha kawaida cha kupanga. Kinachostahili kuchunguzwa ni sehemu ambayo wauzaji hawaionyeshi na wanunuzi hawaiulizi, nayo ni plagi pamoja na waya wake.

Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampia 8.7, ilhali televisheni ya kawaida haifiki hata ampia moja, na ndiyo sababu adapta iliyodumu miaka kwenye televisheni huyeyuka mara tu inapobebeshwa hita. Pasi nayo huvuta mkondo mkubwa, lakini pasi huchomolewa nguo zikiisha, wakati hita hukaa saa tatu mfululizo. Zaidi ya hayo, mkondo ukiongezeka maradufu, joto katika kiungo kilicholegea huongezeka mara nne. Mtu anayepandisha hita yake kutoka wati 1,000 hadi 2,000 anadhani ameongeza joto la chumba peke yake, kumbe plagi nayo imepandishiwa mateso.

Soketi zetu ni za pini tatu bapa, mtindo wa Uingereza, lakini hita nyingi zinazouzwa hapa zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara na huja na pini mbili za mviringo. Wengi wetu tumezoea kuzisukuma ndani kwa kutumbukiza ncha ya kalamu katika tundu la juu la soketi ili vizibo vya ndani vifunguke. Kwa chaja ya simu hilo ni zoea baya. Kwa hita ya chuma ni hatari ya kifo, kwa sababu waya wa ethi, ambao kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliovuja, unabaki haujaungwa popote, na pini za mviringo hushikwa kwa kuguswa tu katika tundu lililotengenezwa kwa ajili ya pini bapa.

Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile ya kwenye mlango wa friji. Pini za plagi halisi ni za shaba ya njano, ambayo sumaku haiivuti. Zikinasa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi, nawe urudishe boksi mezani. Tazama pia pini ndefu ya juu. Katika plagi halali ya mtindo wa Uingereza, pini mbili za chini huwa zimefunikwa plastiki nyeusi karibu na shina, lakini ile ya ethi huwa chuma kitupu mwanzo hadi mwisho. Plagi ambayo pini yake ya ethi nayo imevishwa plastiki ni ya bandia, na hapo hakuna mjadala. Kisha soma maandishi yaliyogandamizwa kwenye waya: milimita za mraba 0.75 hubeba ampia 6 tu, 1.0 hubeba ampia 10, na 1.5 hubeba 16. Hita ya wati 1,500 huvuta ampia 6.5, hivyo waya wa 0.75 umeshindwa kabla hata haujaanza kazi. Waya usio na maandishi yoyote usiununue. Kipimo hicho hicho kinaihusu ekstensheni, na kwa kweli hita haipaswi kuchomekwa kwenye ekstensheni kabisa.

Kwa mizani hiyo, chaguo langu la kwanza ni hita yenye mapezi ya chuma iliyojazwa mafuta, ambayo mafuta yake yamefungwa ndani kiwandani na hayaongezwi kamwe, na katika kundi hilo ninaipendelea De'Longhi ya Italia bila kuona haya. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza huja na plagi iliyoungwa kiwandani yenye fyuzi ndani, waya mnene, na thamostati (kidhibiti joto) ya kuzungusha kwa mkono, ambayo umeme ukikatika na kurudi huendelea ilipoishia, tofauti na hita za vitufe ambazo hubaki zimezima hadi uamke uziwashe. Angalizo ni kwamba kampuni hiyo hiyo huuza Ulaya bara hita zenye pini mbili za mviringo, kwa hiyo jina kwenye boksi halikuondolei wajibu wa kutazama plagi. Ningechukua De'Longhi ya mtumba iliyotoka Uingereza kuliko hita mpya isiyo na jina, mradi niinamishe na kuhakikisha hakuna doa la mafuta chini ya maungio ya mapezi.

Nafasi ya pili ninaipa kiyoyozi cha inverta chenye uwezo wa kupasha joto, ingawa wengi watashangaa. Hakina plagi: fundi huunganisha waya wake moja kwa moja kwenye swichi yake maalumu, na kwa baridi ya wastani kama yetu uniti moja ya umeme hutoa takribani uniti tatu za joto, kwa kuwa chombo huhamisha joto la nje badala ya kulizalisha. Tafuta alama ya jua kwenye rimoti, maana vingi vinavyoletwa nchini hupoza tu. Mpangaji asiye na hakika ya mwaka ujao asijitose. Ya tatu ni hita bapa ya kusimama au kuning'iniza ukutani, ambayo hupasha hewa haraka na kupoa haraka. Haina kasoro kubwa ikipita mtihani wa sumaku.

Hita ndogo za feni na zile za vijiti vyekundu ni za bei nafuu, na kwa nilizowahi kuzikagua, plagi inaeleza kwa nini.

Kuhusu gharama, kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 mteja wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika takribani 356. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa tatu bila kupumzika hula uniti 4.5, yaani shilingi 1,600 kwa usiku mmoja, ingawa thamostati hupunguza. Aliye kwenye D1, daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, awe mwangalifu zaidi, kwani akivuka uniti 75 kwa mwezi kila uniti iliyozidi huhesabiwa shilingi 350 kabla ya kodi, na hita peke yake inatosha kumvusha.

Bei ya dukani ndiyo inayoniudhi. Mwezi Machi nilitajiwa shilingi 180,000 kwa hita ambayo mwezi Juni, ikiwa kwenye rafu ile ile na vumbi lile lile, ilikuwa 260,000, na sababu niliyopewa ni usafiri kutoka Kariakoo. Feni zilizopangwa kando yake, ambazo bila shaka zilipita barabara hiyo hiyo, hazikuwa zimepanda hata shilingi. Ukiomba boksi lifunguliwe ili uione plagi, unaambiwa kwamba ukifungua umenunua. Ukiomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, bei inageuka kuwa mbili, moja yenye risiti na nyingine isiyo nayo, ilhali sheria inamtaka muuzaji aitoe bila kubembelezwa. Lipia ile yenye risiti, kwa sababu bila hiyo waranti ni maneno matupu na huna cha kuonyesha ukiamua kulalamika Tume ya Ushindani. Na kama unaweza kusubiri, nunua kati ya Februari na Aprili, wakati hita zinajaza stoo na muuzaji ana hamu ya kuziondoa. Msimu huo hata boksi hufunguliwa bila ugomvi.