Country for Old Men ya John Scofield: nimeisikiliza mwezi mzima

Nimelelewa na kaseti za kantri. Kwetu Eldoret, Jumapili baada ya kanisa, mzee aliweka Jim Reeves, na mama akasubiri zamu ya Dolly Parton wake. Kwa hiyo niliposikia kwamba mcharaza gita wa jazi ametoa albamu nzima ya kantri, tena hakuna anayeimba, niliingia na wasiwasi.

Scofield ndiye yule aliyepiga na Miles Davis, gwiji wa tarumbeta ya jazi, miaka ya 80. Kwenye albamu hii ya 2016 yuko na wenzake watatu tu: Steve Swallow kwenye besi, Larry Goldings kwenye ogani na piano, Bill Stewart kwenye dramu.

Mr. Fool, wimbo wa George Jones, ndio unaofungua. Hakuna haraka. Scofield anazivuta nyuzi kama mwimbaji anavyovuta neno akiwa amekabwa na kilio, na gita lenyewe lina mkwaruzo, kama koo la mtu aliyekesha matangani.

Kisha inaingia I'm So Lonesome I Could Cry. Hank Williams aliuimba polepole, kwa majonzi. Scofield anaupiga mbio! Mara ya kwanza niliuruka, nikaona amemkosea marehemu heshima. Wiki ya pili, nikiwa kwenye matatu jioni, ndipo nilipousikia vizuri. Huzuni ni ile ile, ila sasa imepata miguu: mtu anatembea usiku na hataki kusimama, maana akisimama tu yatamfika. Gita lake humo lilipata tuzo ya Grammy mwaka 2017, na albamu nayo ikapata ya kwake. Naona ni haki kabisa.

Jolene, wimbo wa Dolly Parton, nilimwekea mama. Wanaanza na wimbo anaoujua, kisha wanaondoka nao mbali. Akaniuliza, "Na mwenye kuimba yuko wapi?" Dakika chache baadaye nikamsikia jikoni akiimba kiitikio.

You're Still the One wa Shania Twain haukunigusa; sioni walichouongezea.

Tafadhali usitumie spika ya simu. Swallow hupiga besi ya umeme kwa piki, kile kidude cha kucharazia nyuzi, sauti yake ni laini, na kwenye simu inapotea yote. Tafuta hedifoni nzuri. Tena usizime mapema: mwisho kabisa Scofield anashika ukulele, kigita kidogo cha nyuzi nne, sekunde 30 hivi tu.