Raba za mitumba za Memorial, Moshi: zipi zinafaa kwa ngumi na zipi zinakula nguvu

Ukiuliza raba ya mazoezi ya ngumi pale soko la mitumba la Memorial, ya kwanza kuonyeshwa itakuwa ile yenye soli nene kama mkate. Irudishe. Hiyo ni ya kukimbilia, inamfaa anayepanda Kibosho alfajiri. Kwa mtu wa ngumi ni sawa na kusukuma gari umesimama juu ya godoro.

Konde la mkono wa nyuma linaanzia chini ya mashina ya vidole vya mguu wa nyuma. Pale bondia anasukuma sakafu, na sakafu inamrudishia msukumo uleule: unapanda kwenye goti, unazungusha nyonga, nyonga inavuta bega, bega linarusha mkono. Mkono ndio wa mwisho kupata habari. Watafiti wa Kisovieti waliopima mabondia 120, matokeo yakachapishwa 1985, walikuta kwamba kwa mabondia wa daraja la juu mguu unachangia karibu asilimia 38 ya nguvu ya konde. Kwa wanaoanza ni kama asilimia 17 tu, pengo linazibwa na mkono na kiwiliwili, ndiyo maana wanachoka mapema na begi halitikisiki.

Sasa weka povu nene katikati ya mguu na sakafu. Povu linabonyea kwanza, ndipo lisukume. Konde ni la kufumba na kufumbua, na muda ule povu linabonyea nyonga ilitakiwa iwe imeshazunguka. Isitoshe, raba nyingi za kukimbilia zimeinuliwa kisigino milimita 8 hadi 12 kuliko mbele, kwa hiyo uzito umeshamwagikia goti la mbele kabla hujarusha chochote. Mguu wa mbele nao ndio breki: unakaza, kiwiliwili kinasimama ghafla, mwendo wote unahamia kwenye ngumi. Soli laini, breki laini.

Viatu vya mpira wa kikapu vinapendeza kwa kukumbatia kifundo, ila vina ubaya wa upande wa pili. Soli zake za zigizaga zinang'ang'ania saruji. Katika konde la nyuma kisigino kinatakiwa kiinuke na kugeukia nje wakati goti linaingia ndani. Soli ikigoma kuzunguka, paja linazunguka peke yake na anayelipa ni goti. Kwa wanaopiga teke la mzunguko hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mguu uliosimama lazima ugeuke nyuzi 90 au zaidi, kisigino kielekee kwa mpinzani. Viatu vya mlimani, ambavyo Moshi havikosekani, visikupotezee muda. Soli yake haikunji.

Cha kutafuta kwenye lile rundo ni viatu vya futsali, yaani soka la ndani ya ukumbi. Soli ni bapa, nyembamba, ya mpira mgumu kiasi, na kisigino hakijapanda. Viatu vya mieleka ni bora zaidi kwa wepesi, lakini ni vya bahati, na vingine vinanata kupita kiasi kwa kuwa vilitengenezwa kwa ajili ya mkeka. Raba mtoni na zile za kitambaa za Converse zinafaa kuanzia: bapa kabisa, unaisikia sakafu. Kasoro yake ni kwamba hazishiki mguu ubavuni, ukihamia kushoto na kulia haraka unyayo unatelezea ndani ya kiatu.

Usikubali kupima kwa kukaa kwenye benchi. Vaa viatu vyote viwili, na soksi unazofanyia mazoezi, kisha simama kwenye saruji, siyo kwenye kapeti la kibanda. Kabla ya kuvaa, kunja kiatu kwa mikono: kinatakiwa kikunjike kwenye mashina ya vidole. Kikikunjika katikati ya unyayo, kimeshakufa. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Kikizama kama kwenye sponji, rudisha. Halafu simama kwa gadi, miguu upana wa mabega, ule wa nyuma kisigino juu kidogo, uzungushe nyonga taratibu mara tano. Soli ikiteleza bila kushika, au ikikwama na kulivuta goti, hiyo siyo yako hata kama muuzaji ameshuka hadi nusu bei. Futa vumbi la soli kwanza lakini, maana vumbi jekundu la Moshi linafanya soli nzuri ionekane mbovu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: kiatu kinachong'aa, hakijavaliwa, kumbe kimekaa stoo miaka mingi. Baadhi ya soli za povu la poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole hata kiatu kikiwa kwenye boksi, na siku ya kwanza ya mazoezi zinamegeka kama keki kavu. Chimba kwa ukucha pembeni ya soli. Ikinata au ikitoa unga, hakuna fundi atakayeiokoa. Soli iliyobanduka tu ni jambo dogo. Fundi viatu ataigandisha na kuishona kuzunguka pembeni, na mshono unadumu kuliko gundi peke yake.

Kwa bei, ondoka nyumbani na 20,000 hadi 30,000, ukitenga chache za fundi. Usitaje neno "ngumi" kabla ya kukubaliana. Watu wa karate na taekwondo wanaofanya mazoezi peku kwenye mkeka, fedha yenu kaeni nayo.

Baada ya mwezi, pindua viatu usome soli. Cha nyuma kikilika kwa duara chini ya dole gumba, unazunguka sawasawa. Kikilika nchani, unaburuta mguu badala ya kusukuma. Kisigino kikiwa ndicho kilicholika, basi hukiinui, na makonde yako yote ni ya bega. Cha mbele kikilika ukingo wa nje tu, unaegemea mbele kupita goti, na hapo mpinzani akirudi hatua moja utamfuata kwa uso. Wengi hukuta mguu wa nyuma umelika kisigino na wa mbele umelika nje kwa pamoja. Huyo asinunue raba nyingine kwanza. Achore mstari wa chaki sakafuni, apige konde moja moja polepole, kisigino cha nyuma kikivuka mstari kwenda nje kila mara, makonde 50 kila siku kabla hajagusa begi.